Kwa nini maua yangu hayafanani na yale ya wachoraji wa kale?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Arusha na napenda kupiga picha za maua nyumbani. Navutiwa sana na michoro ya Waholanzi wa zamani, ile yenye shada kubwa linalochomoza gizani. Nina kamera ya kawaida na lenzi ya mm 50, nimenunua kitambaa cheusi, na mawaridi nayapata kwa bei nafuu kwa wanaouza yale ya mashambani. Lakini kila nikipiga, picha inatoka kama tangazo la duka la maua. Nikipunguza mwangaza inakuwa nyeusi tu. Nakutumia mbili uzione. Nimekosa nini? Au ni kamera?"

Marahaba, dada. Kamera yako inatosha, na lenzi ya mm 50 inafaa kabisa kwa kazi hii. Nianze na hicho kitambaa cheusi, maana umekitegemea kuliko kinavyostahili.

Tafuta mchoro wa Ambrosius Bosschaert unaotunzwa Mauritshuis, jumba la makumbusho la The Hague, uliochorwa yapata mwaka 1618. Shada limewekwa kwenye dirisha lililo wazi, na nyuma yake hakuna giza hata kidogo: ni anga la samawati na mandhari ya nchi ya mbali. Jan van Huysum, aliyechora Amsterdam karne moja baadaye, naye katika miaka yake ya umaarufu aliacha weusi na kuweka mandharinyuma angavu. Hata hivyo, ukiiweka michoro hiyo kando ya ile ya gizani, unaona mara moja kwamba ni ukoo mmoja. Basi giza silo linaloiunganisha. Kinachoiunganisha ni kwamba kila ua limetazamwa peke yake, kama vile hakuna jingine mezani.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu shada unaloliona kwenye michoro hiyo mara nyingi halikuwahi kuwapo. Ulaya tulipu huchanua majira ya kuchipua na waridi huja kiangazi, na karne ya 17 hakukuwa na chumba cha baridi cha kuliwekea la kwanza likilisubiri la pili. Mchoraji alichora ua moja likiwa hai mbele yake, akatunza mchoro huo wa mazoezi, kisha akasubiri jingine. Jan Brueghel mzee, mchoraji wa Antwerp, alimwandikia Kardinali Federico Borromeo wa Milano mwaka 1606 akimweleza kwamba alisafiri hadi Brussels kuchora maua ambayo Antwerp hayakupatikana. Van Huysum, mwaka 1742, alimwandikia mteja wake kwamba kazi haijaisha kwa kuwa waridi la njano lilimkosa mwaka uliotangulia. Mmoja wa michoro yake ulioko National Gallery, London, una miaka miwili: 1736 na 1737. Hiyo ndiyo kasi ya kazi unayoipenda, na mengi ya majibu yangu yanatoka hapo.

Sasa picha zako mbili. Nimeona mawaridi mengi mazuri, na yote yana umri mmoja, urefu mmoja, na yote yameielekea kamera. Kosa hilo limeanzia shambani. Mawaridi ya biashara ya ukanda wetu, yawe ya Arusha au ya Naivasha, hukatwa yakiwa bado tumba, bua limenyooka, kisha hupangwa kwa urefu ili yafike sokoni Ulaya yakiwa sawasawa. Sokoni usawa huo ni sifa. Katika picha ya namna unayoitaka, usawa huo unaua kila kitu, kwa sababu jicho likishaona waridi moja limeyaona yote.

Kwa hiyo yape umri. Nunua machache leo, mengine baada ya siku tatu, mengine baada ya siku tatu tena, na ya kwanza usiyatupe. Yale ya zamani yaweke kwenye maji ya uvuguvugu, mahali penye joto kidogo, mpaka yafunguke kabisa na petali za nje zianze kulegea. Yakikataa kufunguka, shika petali ya nje kwa kidole gumba, uikunje taratibu kuelekea nje, uende duru kwa duru. Wapambaji wa harusi hufanya hivyo na waridi la shambani hugeuka kuwa pana karibu mara mbili. Waridi walilolipenda wachoraji wale lilikuwa zito, lenye petali nyingi mno, kiasi kwamba kichwa kiliinama kwa uzito wake. Ukipata waridi la bustanini kwa jirani, lile lenye kichwa kinachoning'inia na harufu ya kweli, msujudie kidogo kisha uliombe. Litakufaa kuliko dazeni moja ya dukani.

Na usihangaike na tulipu. Sioni haja ya mtu wa Arusha kuagiza ua la Holland ili picha ifanane na ya Holland. Wachoraji wale wenyewe walichora kilichokuwa kigeni na cha ajabu machoni pao: tulipu zilizoingia kutoka himaya ya Waosmani, alizeti kutoka Amerika, makome ya bahari za joto yaliyoletwa na meli za biashara. Kwenye kingo ya dirisha la Bosschaert kuna makome ya aina hiyo. Wewe unayo bahari yenyewe upande wako, na milima pia. Changanya waridi na dalia, gladiola, lili, alstromeria, ua la pasheni, kikonyo cha bogainvilia. Haiskasi ni nzuri mno kwa kazi hii, ila ua lake hudumu siku moja tu, kwa hiyo liweke mwisho, asubuhi ileile ya kupiga. Ongeza majani ya porini, nyasi zilizotoa mbegu, mmea unaotambaa wenye kamba nyembamba. Mtu akitembea kando ya mfereji wa maji wa kijijini kwa nusu saa hurudi na vitu vya kutosha.

Katika wachoraji wote, ningependa umsome zaidi Rachel Ruysch. Alizaliwa mwaka 1664 na kufariki 1750. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa profesa wa anatomia na botania Amsterdam, na nyumba yao ilijaa mimea, wadudu na viumbe vilivyohifadhiwa kwenye chupa. Alijifunza kwa Willem van Aelst akiwa bado msichana, akazaa watoto kumi, akawa mchoraji wa baraza la mtawala Johann Wilhelm wa Düsseldorf kuanzia mwaka 1708, na akaendelea kuchora mpaka alipovuka miaka 80. Mtu aliyekulia kati ya vielelezo vya sayansi anajua mgongo wa ua una sura gani. Tazama michoro yake uhesabu ni maua mangapi yamekupa kisogo. Tazama pia anavyouinamisha mstari wa shada: linaanza chini upande mmoja, linapanda kwa mkunjo, linamwagikia upande mwingine. Hilo alilirithi kwa mwalimu wake, maana kabla ya Van Aelst mashada mengi yalisimama wima katikati, pande mbili zikilingana. Jumba la Rijksmuseum, Amsterdam, limeweka picha za baadhi ya michoro yake mtandaoni kwa ukubwa wa kutosha kuona hadi mishipa ya jani, na kuzipakua ni bure. Chagua mchoro mmoja, ukae nao jioni nzima. Chora kwa penseli mahali kila ua lilipo na linatazama wapi, hata kama hujui kuchora.

Tuje kwenye mwanga. Umeniambia ukipunguza mwangaza, picha inakuwa nyeusi tu. Sababu ni kwamba maua na kitambaa vinapata mwanga uleule, kwa kiasi kilekile, kutoka mbele na kutoka taa ya darini. Ukipunguza kwenye kamera, unavipunguza vyote kwa pamoja. Tofauti kati ya ua na giza lake lazima uitengeneze chumbani kabla ya kugusa kamera.

Zima taa zote. Tumia dirisha moja, mengine yafunge. Meza iwe kando ya dirisha, mwanga uingie kutoka kushoto na kwa juu kidogo, kama ilivyo kwenye michoro mingi ya kale. Kama sehemu ya chini ya dirisha inamwaga mwanga mwingi mezani, izibe kwa kadibodi hadi kimo cha chombo. Shada likae mita moja hivi kutoka dirishani. Mandharinyuma isogeze nyuma mita 2 au zaidi, mahali ambapo mwanga wa dirisha haufiki moja kwa moja. Ukifanya hivyo, hata ukuta wa kijivu utakuwa karibu mweusi. Kitambaa chako cheusi, kikiwa karibu na dirisha, hushika mwanga na kuonyesha kila mkunjo. Kama lazima kiwe kitambaa, tafuta mahameli, maana nyuzi zake hunywa mwanga. Mimi napendelea ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi isiyong'aa, kahawia iliyochanganywa na kijani kidogo, mkono ukiachwa uende ovyo ili rangi isiwe sawa kila mahali. Giza la michoro ile lina joto na kina ndani yake. Weusi mtupu wa kitambaa hauna.

Kuna jambo la dirisha ambalo vitabu vya Ulaya havitakusaidia. Kule wanasema tumia dirisha la kaskazini, kwa sababu jua lao halifiki huko karibu mwaka mzima. Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu linahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba linapita upande wa kaskazini, na hapo dirisha lako zuri ni la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo yanageuka, na la kaskazini ndilo lenye mwanga tulivu. Kama nyumba ina dirisha upande mmoja tu, tandaza shashi nyeupe au pazia jepesi juu yake. Hilo litaondoa pia vivuli vya vyuma vya dirisha ambavyo hukata maua vipande vipande. Siku ya mawingu ya masika ni siku ya neema kwa kazi hii.

Upande wa kulia wa shada, ulio kivulini, utataka kuweka karatasi nyeupe ili kurudisha mwanga. Weka ndogo, ya ukubwa wa daftari, na uisogeze mpaka majani ya kivulini yaonekane kwa shida. Wanafunzi wengi huweka kubwa mno na kufuta kivuli chote. Wakati mwingine mimi huweka kadibodi nyeusi badala yake, hasa chumba kikiwa na kuta nyeupe zinazorusha mwanga kila upande.

Kamera iwe juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), na usiiachie ijiamulie. Kamera ikiona eneo kubwa lenye giza hudhani imekosea, inaongeza mwangaza, na petali nyeupe zinaungua. Pima mwanga kwenye ua jeupe kuliko yote, punguza mpaka uone mishipa yake, kisha funga hapo na mengine yaache yaangukie yanapoangukia. Kwa simu, gusa ua hilo jeupe kwenye kioo, shikilia hadi ifunge, halafu shusha kitelezi cha mwangaza. Na tumia lenzi ya kuvuta mara 2, kwa kuwa ile pana huyafanya maua ya mbele kuwa na vichwa vikubwa visivyo vyake.

Kuhusu tundu la lenzi, wengi wamezoea f/1.8, yaani tundu pana, ili nyuma kuwe na ukungu. Hapa achana nayo. Kwenye michoro ile jani la nyuma kabisa lina ncha kali sawa na la mbele. Weka f/11 (tundu dogo), ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga), kamera ikiwa mita 1.2 kutoka kwenye shada, na utapata zaidi ya sentimita 20 za kina zilizo wazi, zinazotosha shada la kiasi. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, itakuwa ndefu, pengine sekunde 1 hadi 4. Zima feni, funga mlango, tumia kipima muda cha sekunde 2, na ngoja petali zitulie baada ya kuzigusa.

Upangaji wenyewe. Mashada ya Bosschaert hayawezekani kimwili: maua ni mengi kuliko mdomo wa chombo unavyoweza kubeba mabua, na yale ya juu yamesimama mahali ambapo bua lake lisingefika. Unahitaji ujanja. Kunja wavu wa kuku uuingize ndani ya jagi, nao utashika kila bua kwa pembe unayotaka. Kwa maua ya juu, funga vichupa vidogo vya dawa vyenye maji kwenye kijiti, uvifiche nyuma ya majani. Anza na majani, kisha weka ua lako kubwa jeupe au lenye rangi nyepesi kuliko yote, karibu na katikati lakini kushoto kidogo, upande wa mwanga. Hilo ndilo litakaloshika jicho. Mekundu mazito na zambarau yaende pembeni na chini, yaingie kivulini. Halafu anza kugeuza: hili litazame ukuta, hili liangalie chini, hili liwe tumba, hili liwe limeangusha petali mbili mezani. Kila baada ya ua moja rudi nyuma ya kamera uangalie. Ni kazi ya saa mbili tatu, na sijaona njia ya kuifupisha ambayo haikuonekana kwenye picha.

Ukishalimudu hilo, jaribu njia yao hasa, ya kuunganisha majira. Weka tripodi na meza mahali ambapo hakuna mtu atakayezigusa kwa wiki mbili, na uzungushie alama za utepe sakafuni. Piga kila ua likiwa kwenye ubora wake, saa ileile ya siku, mwanga uleule, mahali pake palepale, kisha uyaunganishe kwa tabaka kwenye programu ya kuhariri. Mpigapicha Mmarekani Sharon Core alichagua njia ngumu zaidi: alipanda mwenyewe maua ya kale ili apige picha zinazofuata karne tatu za michoro ya maua, bila kuigiza chochote kwenye kompyuta. Naiheshimu sana kazi yake, na nadhani mtu mwenye bustani Arusha, ambako hali ya hewa inaruhusu waridi kuchanua karibu mwaka wote, angeweza kuifuata kwa urahisi kuliko watu wa nchi za theluji.

Kwenye rangi nina neno moja, lakini ni kubwa. Kijani cha kamera ni cha njano mno, kinapiga kelele. Ukitazama majani ya Van Huysum utaona mengi yanaelekea bluu. Sehemu ya sababu ni wakati: walitengeneza kijani kwa kuchanganya bluu na rangi ya njano iliyotokana na mimea, na ile njano imefifia kwa mwanga wa miaka mingi huku bluu ikibaki. Sisi tumezoea kuyapenda majani hayo yalivyo sasa. Basi kwenye kuhariri, sogeza kijani kuelekea bluu kidogo na upunguze nguvu yake, kisha acha mekundu na meupe karibu kama yalivyo. Mizani ya rangi iweke kwenye mwanga wa mchana tangu mwanzo. Usiongeze nyufa za kuigiza wala umanjano wa vanishi juu ya picha nzima. Bosschaert hakuchora nyufa. Zililetwa na umri.

Umeniuliza pia pembeni kuhusu vipepeo. Ndiyo, michoro ile imejaa viwavi, sisimizi, konokono na nondo, na mchoraji Otto Marseus van Schrieck alifikia hatua ya kubandika mabawa halisi ya kipepeo ndani ya rangi. Ushauri wangu ni usiue mdudu kwa ajili ya picha. Nondo aliyekufa chini ya taa ya baraza atafaa. Lakini jani lililotobolewa na kiwavi linasema zaidi, nalo halihitaji mtu kulipanga. Konokono hai naye hutoka kwenye gamba lake akinyunyiziwa maji, ila ondoa feni na mwanga mkali, na umrudishe bustanini kabla hajakausha ngozi.

Mwisho ni karatasi. Mchoro ule wa Bosschaert una sentimita 64 kwa 46 tu, na ukubwa wa namna hiyo unamlazimu mtazamaji asogee karibu. Faili ya megapikseli 12 inachapika vizuri kwa sentimita 34 kwa 25, na hata 51 kwa 38 ikiwa ulikuwa na fokasi safi. Chagua karatasi isiyong'aa, ya pamba kama duka lako la kuchapisha linayo, kwa kuwa karatasi ya kung'aa itaakisi dirisha la sebuleni juu ya giza lote ulilolihangaikia. Omba kwanza kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja, kutoka sehemu ya kivuli: uchapaji hufanya giza kuwa zito kuliko kioo kinavyoonyesha, na mara nyingi utalazimika kuinua vivuli kidogo kabla ya kuchapa nzima. Nitumie picha ya shada la rika tofauti ukishalipata, pamoja na ile michoro ya penseli, na uniambie dirisha lako linatazama wapi.